Taa ya Geji Ikififia, Tutafute Masi Kwanza

Maneno tuliyosema Uvira mbele ya wanachama, mashofere na mafundi wa chama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wandugu ambao hawakuweza kufika.

  Tunajua kuna waliotoka Kiliba kwa baiskeli, na waliotoka Makobola kwa pikipiki, kwa hiyo hatutawachelewesha. Tuingie katika kazi.

Komite ilituomba tuseme juu ya taa za geji. Wengine mlicheka mliposikia. Mlisema, shirika limekosa cha kusema, sasa linasema juu ya ampuli. Tunawaelewa. Ampuli ya geji ni kitu kidogo kama punje ya mahindi. Lakini gari yetu ya chama iko imesimama chini ya mwembe, injini wazi, na michango ya kila mwanachama imelala pale pamoja nayo. Hasara ile ilianza na taa ndogo isiyoonekana vizuri usiku, na masi iliyooga kutu nyuma yake. Mkutano ujao mtaamua nani alipe. Hatutaki muamue kabla ya kujua namna mambo hayo mawili yalivyoungana.

Sisi tunaozunguka na vyama hatushiki funguo kila siku. Tutakayosema tumeyakusanya kwa mafundi wenu wenyewe, na tukayapima kwa testa mbele yao. Kwa hiyo fundi akisikia neno lisilo sawa, anyooshe mkono.

Kwanza tusikilizane maneno

Chama hiki ni cha watu waliorudi. Kuna waliokaa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 kule Kasulu. Kuna waliokaa Lugufu mpaka ilipofungwa 2009. Kuna waliovuka tu Kavimvira wakakaa Burundi. Kila mmoja alirudi na maneno yake ya ufundi. Aliyejifunza kazi upande wa Kigoma anasema dashibodi, waya, betri, fyuzi na ethi. Aliyejifunza hapa Uvira anasema tablo, fili, batri, fizibu na masi. Ni vitu vilevile. Tumewahi kuona mafundi wawili wanabishana muda mrefu, mmoja anadai gari haina ethi, mwingine anaapa kwamba ethi hajui lakini masi iko mbaya. Kumbe wote wawili walikuwa na haki, na fili ilikuwa moja.

Leo tutatumia maneno ya hapa. Masi ni njia ya kurudi. Umeme unatoka kwenye batri upande wa chanya, unapita kwenye fizibu, unafika kwenye ampuli, na lazima urudi kwenye batri upande wa hasi. Usiporudi, taa haiwaki. Ukirudi kwa shida, taa inawaka kwa shida. Gari haina fili ya kurudi kwa kila taa. Inatumia chuma cha mwili wake kama njia moja ya wote. Pale fili fupi inapofungwa kwa buloni kwenye chuma, hapo ndipo masi.

Na tukisema geji, tunasema zile saa ndogo za kuongezea ambazo hazikuja na gari kutoka kiwandani. Nyingi zina upana wa milimita 52. Mnazijua: ya joto la maji, ya presha ya mafuta ya injini, na ya volti. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, yakapita Dar es Salaam, na yakifika huku geji ya asili imeshachoka. Tablo nzima ya asili ni ghali na haipatikani kirahisi. Fundi anaweka geji ya kuongezea chini ya tablo, na maisha yanaendelea. Ni wazo zuri, hatulipingi. Shida iko katika namna inavyofungwa, na hasa katika zile fili mbili za taa yake, juu kila mtu anaona taa ni mapambo.

Kwa nini usiku

Hatusafiri usiku kwa kupenda. Lakini hapa kwetu jua linazama karibu na saa kumi na mbili, mwaka mzima. Ukitoka Baraka saa nane na mizigo ya mama zetu, ukasimama kwenye baryeri kadhaa, giza linakukuta kabla ya Makobola. Na gari ya chama ndiyo inayoamshwa mama akishikwa na uchungu usiku wa manane. Hapo hakuna anayeuliza saa ngapi.

Tufanye hesabu ndogo. Gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Geji ikiwa na mwanga mzuri, shofere anaitupia jicho mara moja na kurudi barabarani. Ikiwa hafifu, anainama, anakodoa macho, anatafuta sindano. Sekunde mbili zimepita, na gari imekwenda zaidi ya mita 30 bila mtu wa kuangalia mbele. Ndani ya mita hizo 30, kati ya Kavimvira na Kalundu, kuna baiskeli bila taa, kuna mbuzi, kuna watoto wanaotoka kuchota maji ziwani.

Kwa hiyo shofere mwenye akili anaamua kuangalia barabara na kuiacha geji. Hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Lakini injini nayo haina mdomo mwingine wa kusema nimechoka.

Yaliyotokea kwa gari yetu

Tumesoma karne ya gari ukurasa kwa ukurasa. Shofere wetu aliandika mara mbili, kwa mkono wake, kwamba taa ya geji ya maji ni hafifu. Mara ya kwanza hakuna aliyejibu. Mara ya pili gari ilipelekwa kwenye garaji moja. Wakatoa ampuli ya wati 3, wakaweka ya wati 5. Mwanga ukaongezeka kidogo, kila mtu akaridhika.

Lakini tangu siku ile kukaja jambo jipya. Kila akiwasha taa, sindano ya joto inapanda. Akizima, inashuka. Aliuliza, akaambiwa ni geji ya bei rahisi, asijali. Basi akazoea. Konvoyeri naye akazoea. Ikawa ni msemo wao ndani ya gari: usiku geji inapanda yenyewe.

Mnajua mwisho. Walikuwa wanapanda Ngomo kuelekea Bukavu, giza limeingia, gari imejaa. Bomba la radiateri lilianza kuvuja. Sindano ikapanda. Shofere akaona imepanda, akasema ni taa tu. Alipoona moshi mweupe, kilasi, yaani kile kichwa cha injini, ilikuwa imeshapinda.

Baadaye tulikaa na mafundi wawili wa chama, tukafungua tablo. Tulikuta fili ya masi ya geji imefungwa kwenye chuma chenye rangi, kwa skrubu ya mbao, na kutu imeota pande zote. Tukaweka testa. Taa zikiwa zimezimwa, kila kitu sawa. Taa zikiwashwa, palepale kwenye masi palipotea zaidi ya volti 2.

Hapo ndipo mambo mawili yanaungana. Geji ya umeme inalinganisha umeme unaopita kwake na ule unaokwenda kwenye sonda, kile kidude kilichofungwa kwenye injini. Sonda inarudi kwa chuma cha injini, geji inarudi kwa masi yake nyuma ya tablo. Taa ya geji ikitumia masi ileile na masi ikiwa mbaya, umeme wa taa unasongamana pale na kuisukuma geji nje ya kipimo chake. Mara nyingi sindano inaonyesha joto kuliko ukweli. Na ukiweka ampuli kubwa zaidi, unapitisha umeme mwingi zaidi kwenye mlango uleule mwembamba. Mwanga unaongezeka kidogo, uongo unaongezeka sana.

Basi wandugu, neno letu la leo ni hili moja. Taa hafifu ya geji ni dalili. Mtoto akiwa na homa humwekei barafu kwenye paji la uso ukasema amepona. Unatafuta homa imetoka wapi.

Mwanga unapotelea wapi

Kuna sehemu tano, na tunazipanga kuanzia ile isiyokula pesa.

Ya kwanza ni uchafu. Vumbi la barabara ya Fizi linaingia kila mahali. Kioo cha geji kikipata vumbi ndani na jua likikipiga miaka, kinakuwa cha njano. Panguseni kwanza kwa kitambaa laini chenye maji kidogo. Msitumie petroli, inaharibu plastiki na kuifanya iwe nyeupe kabisa.

Ya pili ni kile kigurudumu kidogo kwenye tablo cha kupunguza mwanga. Mtu anakigusa anaposafisha, mwanga unashuka, na tunatafuta fundi bure. Kizungusheni mpaka mwisho kabla ya kufungua chochote. Fundi naye ajue jambo moja: kwenye Toyota nyingi kigurudumu kile kinafanya kazi upande wa kurudi, siyo upande wa kwenda. Ukiunga taa ya geji kwenye fili ile ya kurudi, itatii kigurudumu pamoja na tablo nzima. Ukiiunga kwenye chuma, itawaka kwa nguvu yake yote siku zote. Njia zote mbili zinafaa, mradi uchague kwa kujua.

Ya tatu ni ampuli yenyewe. Someni maandishi yake madogo. Madukani kwetu ampuli za volti 12 na za volti 24 zinalala katika sanduku moja, juu malori mengi makubwa yana volti 24 na magari madogo yana 12. Ampuli ya uzi ya volti 24 ukiiweka kwenye gari ya volti 12, haitagoma. Itawaka nyekundu kama kaa la sigara, na mwanga wake hautafika hata sehemu moja ya tano ya ule wa kawaida. Tumekuta geji zilizouzwa zikiwa na ampuli ya namna hiyo ndani tangu siku ya kwanza.

Tena angalieni kile kikofia cha mpira chenye rangi kinachovikwa juu ya ampuli. Ampuli ya uzi inatoa mwanga wa njano, yenye rangi ya buluu kidogo sana. Ukiivika kikofia cha buluu, unazuia karibu mwanga wote. Kikofia kikitolewa tu, geji nyingi zinasomeka bila kununua kitu.

Ya nne ni fili ya kwenda. Mtu ameunga kwa kusokota na kufunga mfuko wa plastiki, au ameunga taa tatu kwenye fili nyembamba kama ya redio. Kila muungo mbaya unakula sehemu ya volti.

Ya tano, na ndiyo tunayoikuta mara nyingi zaidi, ni masi. Hapa kwetu ina adui wengi. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, magari mengi yaliingia maji mpaka kwenye viti. Ziwa lilipopanda tena 2024, watu waliendelea kupita kwenye maji kila siku kufika nyumbani na bandarini Kalundu. Maji yalishuka, lakini kutu ilibaki ndani ya viungo. Gari inang'aa nje, nyuma ya tablo inaoza polepole. Wandugu wa maboti pia wasikilize, juu kwenye boti unyevu hauondoki hata siku moja.

Kwa nini volti kidogo inaleta hasara kubwa? Ni tabia ya ampuli ya uzi. Ukipunguza volti kwa sehemu moja ya kumi, mwanga haupungui sehemu moja ya kumi. Unapungua karibu sehemu tatu kati ya kumi. Kwa hiyo volti moja na nusu ikipotea njiani, macho yanaona tofauti mara moja.

Namna ya kupima

Wengi mna testa nyumbani kwa ajili ya sola. Ni ileile. Wekeni kwenye volti za batri, zile za mstari ulionyooka, kiwango cha 20.

Washeni injini na taa zote. Kwenye batri mnapaswa kuona kati ya volti 13 na nusu na 14 na nusu. Ikiwa chini ya 13, tatizo liko kwenye alternata au mkanda wake, na tablo yote itakuwa hafifu.

Sasa masi. Mkono mweusi wa testa uwe kwenye kichwa cha hasi cha batri, mwekundu kwenye fili ya masi ya geji, taa zikiwaka. Masi nzima inaonyesha karibu na sifuri, isizidi volti 0.2. Mkiona volti 1, msitafute tena, mmeshampata mwizi.

Halafu njia ya kwenda. Mwekundu kwenye chanya ya batri, mweusi pale umeme unapoingia kwenye ampuli. Hapa isizidi nusu volti. Ikizidi, fuateni fili nyuma, muungo kwa muungo, mpaka mpate pale panapoanguka.

Asiye na testa afanye hivi. Achukue fili ndefu nzuri yenye fizibu ndogo katikati, upande mmoja aufunge kwenye hasi ya batri, upande wa pili aguse masi ya geji. Taa ikiongezeka ghafla, ni masi. Ile fizibu ya katikati ni ya kumlinda, akigusa pabaya iungue fizibu na siyo gari.

Na shofere, ambaye hana hata fili, ana mtihani wa sindano. Injini iko inanguruma, gari imesimama. Angalia sindano ya joto. Washa taa. Sindano isitikisike. Ikiruka, geji hiyo inasema uongo usiku, na gari isipande mlima mpaka ipimwe. Mtihani huu hauchukui hata dakika moja. Tunaomba kila shofere wa chama aufanye kila jioni kabla ya kutoka.

Namna ya kutengeneza

Kabla ya yote, toeni hasi ya batri. Halafu msivute geji kwa nguvu. Kuna geji za presha ambazo nyuma yake hakuna fili ila mrija mwembamba wenye mafuta ya injini, na kuna geji za joto zenye mrija uliofungwa tangu kiwandani. Ule wa kwanza ukikatika, mafuta ya moto yanamwagika miguuni mwa shofere. Ule wa pili ukikatika, geji imekufa, hakuna wa kuifufua.

Masi ifanyeni hivi. Chagueni chuma kinene cha mwili wa gari, siyo kipande cha tablo. Kwangueni rangi mpaka chuma king'ae. Fili iwe na pete kichwani, ifungwe kwa buloni na nati, siyo skrubu ya mbao. Juu yake pakeni grisi kuzuia maji. Kama mnaweza, taa iwe na masi yake na geji iwe na yake, kila moja na fili yake hadi kwenye chuma. Hapo hata moja ikiharibika, haitamdanganya mwenzake. Na mkiwa pale, angalieni ule mkanda wa masi kati ya injini na mwili wa gari. Ukiwa umekatika nusu, hakuna geji itakayosema kweli. Jambo lingine la sonda: fundi asiizungushie ule mkanda mweupe wa mabomba ya maji, juu unaizuia kugusa chuma cha injini sawasawa, na sindano itaonyesha baridi wakati injini inachemka. Huo uongo ni mbaya kuliko ule wa kwetu.

Njia ya kwenda ichukuliwe kwenye taa ndogo za nje, ili geji iwake pamoja nazo. Fili ya milimita moja ya mraba inatosha, na fizibu yake ya ampea 3.

Ampuli iwe na volti za gari na wati zilezile za mwanzo. Mkitaka mwanga zaidi, njia salama ni ampuli ya ledi ya umbo lilelile. Ya wati 5 ya uzi inakula karibu ampea 0.4. Ya ledi inakula sehemu ndogo tu ya hapo na haipati joto la kuyeyusha plastiki. Ina tabia zake mbili. Ukiiweka isiwake, igeuze, juu inajua chanya na hasi. Na rangi yake ifuatane na uso wa geji: ledi nyekundu nyuma ya uso wa kijani haitaonyesha kitu. Nyeupe inafaa mahali pengi. Lakini ledi haiponyeshi masi mbaya. Inaificha tu. Rekebisheni masi kwanza, halafu wekeni ledi.

Tusiyoyataka

Hatutaki ampuli kubwa kuliko ya asili. Wati 5 mahali pa wati 3 ni joto zaidi ndani ya kikopo kidogo cha plastiki, na mmeona ilileta nini kwa sindano. Hatutaki karatasi ya sigara mahali pa fizibu. Na hatutaki taa ya geji iunganishwe kwenye fili ya breki au kwenye fili yoyote iliyokuwa karibu na mkono, eti iwake tu.

Pia hatutaki mwanga wa kupita kiasi. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mwanga mkali wa buluu usoni unalirudisha nyuma kila mara. Geji nzuri ni ile unayoisoma kwa kutupa jicho, halafu unaisahau. Vijana wanaopenda tablo ing'ae kama duka la simu, tunawaomba wangoje siku ya arusi.

Juu ya deni

Tumesikia kwamba kuna pendekezo la kukata mshahara wa shofere mpaka injini ilipwe yote. Sisi hatuna kura katika chama chenu, na neno la mwisho ni lenu. Lakini tuna ushahidi, na tungekuwa waoga kama tungeuficha.

Shofere aliona shida, akaiandika mara mbili. Karne ile ilikuwa ya kusomwa na komite, haikusomwa. Garaji iliongeza ampuli bila kupima masi. Mtu alifundishwa na gari yenyewe kwamba sindano ikipanda usiku si kitu. Je, alipaswa kusimama pale Ngomo? Ndiyo, na yeye mwenyewe anakubali. Ila kumbebesha yeye peke yake mzigo wote ni kusema kwamba wengine hatukuwepo. Tulikuwepo. Chama cha kusaidiana kinajulikana siku ya hasara, juu siku ya faida kila mtu ni ndugu.

Tunapendekeza mambo manne. Moja, hasara igawanywe kati ya sanduku na shofere kwa kiasi ambacho hakitamfukuza kazini wala kumtoa mtoto shuleni. Mbili, karne ya gari isomwe kila Jumamosi na mtu mmoja wa komite, aweke sahihi mbele ya kila shida iliyoandikwa, na tarehe ya kuitengeneza. Tatu, sanduku linunue testa moja ya chama, mita chache za fili, pete, fizibu na ampuli za akiba. Vyote pamoja haviwezi kukaribia bei ya kilasi moja. Nne, mtihani wa sindano uwe sheria kwa kila gari ya mwanachama inayosafiri jioni.

Mafundi wetu wawili wamekubali kupima geji za magari yote ya wanachama bila malipo ya kazi, mwanachama alete vifaa tu. Anayetaka aandike jina kwa katibu kabla ya kuondoka hapa. Waanze wale wanaopanda kwenda Bukavu, halafu wale wa njia ya Baraka.

 Sasa maswali. Tuanze na mama zetu, juu mizigo iliyokwama Ngomo ilikuwa yao.